Mnafu wa Mama Faraja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo moyo hunienda mbio. Umeniuliza kama zile mboga za kilimo hai unazoziona huko Mbeya, wanazoziuza ghali kidogo kwa kuwa hazikupulizwa dawa, zina maana yoyote au ni maringo tu ya wenye hela. Ningeweza kukujibu kwa neno moja tukaendelea kumenya viazi. Lakini neno moja lingekudanganya. Kaa hapo nikusimulie.

Nilikuwa mke mgeni hapa hapa kwetu Kilolo, mdomo mwingi na akili kidogo. Mume wangu alikuwa Mafinga akipasua mbao, kwa hiyo shamba la mahindi lililo chini ya nyumba lilikuwa mikononi mwangu na mwa mama mkwe. Kati ya mistari ya mahindi mnafu ulikuwa unajiotea wenyewe, hakuna aliyeupanda. Na desturi ya huku unaijua: mahindi ni ya mwenye shamba, ila mboga iliyojiotea ni ya yeyote mwenye sufuria. Mwanamke anapita na kikapu chake, anasalimu "Kamwene!" akiwa bado njiani, anaingia, anachuma, anakwenda zake. Haombi. Akiomba ni kama amekuita mchoyo.

Mimi desturi ile ilinikera, nasema kweli. Nilikulia Iringa mjini, na kwetu mboga ilinunuliwa sokoni kwa fungu. Iweje watu wapite shambani kwangu kama njia ya kisimani! Na palizi nayo, we acha tu. Unapalilia mstari huu, ukigeuka nyuma magugu yanakucheka. Mgongo uliniuma mpaka nikawa naingia jikoni nimejikunja kama kikongwe. Ndipo kijana wa duka la pembejeo akaniambia ipo dawa ya kupuliza, inaua magugu na kuyaacha mahindi. Akanieleza vizuri tu, simsingizii: ukishapuliza, mtu asichume chochote humo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nawaza mgongo wangu.

Nikaazima bomba la kupulizia kwa jirani, nikapuliza asubuhi mama mkwe akiwa kanisani na akina mama wenzake. Sikumwambia yeye, wala sikumwambia mtu mwingine. Nilijisemea, shamba langu, dawa yangu, nani wa kuniuliza? Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile mimi niliona baraka tupu. Nilimaliza jua halijawa kali, nikaoga, nikajitupa kitandani.

Sasa sikiliza. Dawa ile haikaushi jani papo hapo. Siku ya kwanza mnafu unabaki kijani kibichi, laini, unatamanisha. Huwezi kujua chochote kwa kuutazama.

Jioni mama mkwe akarudi uso umekunjuka. "Nimepishana na Mama Faraja hapo njiani," akasema. "Kikapu kimejaa mnafu. Anasema shamba letu mwaka huu lina baraka, hajauona mnafu mzuri kama ule."

Mama Faraja alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mjane, na Faraja ndiye mwanawe wa pekee. Mtoto yule alikuwa ametoka kuugua, na tangu apone alikataa kila chakula isipokuwa ugali kwa mnafu. Hilo nililijua. Kijiji kizima kililijua.

Nilikimbia. Kanga ikanidondoka, sikugeuka kuiokota. Nilivuka kijito na viatu vyangu, nikaingia kwa watu bila hodi. Faraja alikuwa amekaa kwenye kigoda, tonge tayari mkononi, anasubiri mboga iepuliwe. Nikainyakua sufuria ile mekoni ikanichoma vidole, nikaimwaga yote nje.

Mama Faraja alisimama na mwiko mkononi, ananitazama. Hakupaza sauti.

"Hata majani, dada?" akasema. "Majani ya Mungu nayo mmeanza kutunyima?"

Mwanangu, nilitamani nimwache na dhana yake. Kweli nilitamani. Mchoyo watu humsema msimu mmoja wakamsahau. Lakini yule mtoto alikuwa ananitazama na tonge lake, nikaona nikinyamaza sasa sitakuwa mtu tena.

"Nimepuliza dawa ya magugu," nikasema. "Leo asubuhi. Sikumwambia mtu."

Akamvuta Faraja, akamfungua kinywa, akamnusa. Akamwuliza kama ameonja, mtoto akatikisa kichwa. "Hajaonja," akasema, na hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akimwambia Mungu wake. Kisha akakaa chini. Faraja naye akaanza kulilia mnafu wake, na mimi nikalia pamoja naye.

Mama mkwe akafika anahema, kanga yangu begani. Alikuwa ameyasikia ya mwisho kutoka mlangoni. Akanifunika mabega kwanza, halafu ndipo akanisema, na maneno yake sijayasahau.

"Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao," akasema. "Wewe umelala usingizi, ukamwacha jirani akachume. Mwanangu, dawa si dhambi. Ungeniambia mgongo umekushinda ningekuelewa, na mimi nina mgongo. Lakini huyu aliingia shambani kwako amefumba macho, kwa sababu anakuamini. Ulipaswa kumwona kabla hujapuliza."

Kisha akanituma nyumbani nikalete sufuria yetu ya maharage. Tukala wote pale kwa Mama Faraja. Faraja alinuna mpaka tunaondoka.

Baada ya siku chache mnafu ukajipinda, ukakauka wote. Mahindi yakastawi, sikufichi, nilivuna vizuri mwaka ule. Akina mama hawakunitukana. Heri wangenitukana tukayamaliza! Waliendelea kuniita "Kamwene" kutoka njiani, kwa upole ule ule, ila sasa waliongeza swali: "Mmepuliza?" Msimu uliofuata sikupuliza, nikarudia jembe, mama mkwe akipalilia upande wa pili, nikabeba samadi ya ng'ombe mpaka nywele zikanuka zizi. Wakiniuliza nikawa nasema hapana, hatujapuliza. Wakanishukuru, wakapita, wakaenda kuchuma kwa wengine. Mnafu wangu ukazeeka shambani, ukatoa mbegu. We mwanangu, kuulizwa swali lile kulinikata kuliko kiboko.

Ilipita misimu. Kisha siku moja nikiwa napalilia nikasikia "Kamwene!" Nikajiandaa kujibu lile swali. Halikuja. Mama Faraja alikata moja kwa moja kuingia shambani na kikapu chake, Faraja nyuma yake ameshakuwa mrefu, akaanza kuchuma huku ananisimulia habari za kwaya yao. Hakuuliza kitu. Nilijifanya nang'oa gugu, nikainama pale kati ya mahindi nikalia, na yeye akaendelea kuchuma kama hajaniona.

Basi umeniuliza kama kilimo hai kina thamani. Kina, mwanangu. Ila asikudanganye mtu kuwa ni rahisi. Samadi haijibebi, na mwaka wa kwanza unaweza kuvuna kidogo ukanilaani mimi niliyekushauri. Mimi mwenyewe viazi vikishikwa na ukungu napuliza, kwa sababu njaa nayo inaua. Nikipuliza nafunga kitambaa chekundu njiani, halafu napita nyumba kwa nyumba kusema, hata kwa wasiopita shambani kwangu. Wananicheka, wacha wacheke.

Na wewe huko mjini, kama hela ya zile za ghali huna, nunua mchicha wa kawaida, uoshe vizuri, ule kwa amani. Usijione mkosefu. Lakini ukiweza kuchagua, chagua, na usimtazame tu muuzaji anavyonadi. Mwulize ilimwa wapi, ilipulizwa nini, lini. Mkulima mwema hakasiriki akiulizwa. Na siku utakapolima wewe, chochote utakachofanya juu ya udongo ule, kiseme kabla mwenzio hajatia mkono, maana chakula hakina mwenyewe mmoja.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe udongo mwema na mvua inayojua wakati wake, na watoto wako wasiiogope sahani ya jirani. Na aje mtu siku moja, aingie shambani kwako na kikapu chake, asikuulize kitu.