Mnoa Visu Aliyetembea Mita Mia Moja Akakosa Kadi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Soko la Samaki la Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, bado linafunguliwa. Wauza jibini wanafunga maturubai, muuza maua anajaza ndoo zake maji, na ndani ya gari jeupe lililoegeshwa kwenye kona ya soko jiwe la kunolea limeshaanza kulia. Fenna Wiersema, miaka 58, ameketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kreti tupu ya bia. Anapitisha kisu kwenye jiwe taratibu, kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha.

Hakiangalii kisu. Anakisikiliza. Anasema kisu kikishakuwa kikali mlio wake hubadilika, na ukingojea kuona kwa macho utakuwa umeshakila chuma bure.

Mteja wa kwanza ni Aaltje Boelema, anayeuza samaki na mikunga waliokaushwa kwa moshi upande wa pili wa soko. Ameleta visu vitatu vilivyoviringishwa kwenye gazeti. Anauliza nyonga ya Fenna inaendeleaje. "Si mbaya," Fenna anamjibu, na Aaltje anarudi zake mezani. Visu vikishakuwa tayari, Fenna atavipeleka mwenyewe, mita sitini, akishika nguzo za vibanda moja baada ya nyingine. Amefanya hivyo miaka ishirini na hataki kusaidiwa.

Hapa Groningen "si mbaya" ni jibu la kila kitu. Harusi ilikuwaje? Si mbaya. Zizi limeungua? Si mbaya, ng'ombe wametoka. Mtu anayelalamika hutazamwa kama mtu anayekula mbele za watu bila kuwakaribisha.

Jibu hilo ndilo lililomfikisha Fenna pabaya.

Kwenye kioo cha mbele cha gari lake kuna kadi ya buluu yenye picha ya kiti cha magurudumu. Ni kadi ya maegesho ya watu wenye ulemavu, na inaisha tarehe 30 Juni. Leo ni tarehe 12, na kadi mpya haipo.

Kadi ile inamfanyia kazi mbili. Ya kwanza inajulikana: siku zisizo za soko huzunguka kwenye majiko ya hoteli na mikahawa, na kwa kadi hiyo huegesha karibu na mlango. Ya pili ndiyo kubwa. Katikati ya mji ni eneo la hewa safi, na gari la kazi la dizeli lenye umri kama wa lake haliruhusiwi kuingia. Kamera husoma namba ya gari, na faini huja kwa posta. La Fenna linapita kwa msamaha maalumu, kwa kuwa limerekebishwa, breki na mafuta vyote viko mkononi, na mwenye gari ana kadi. Kadi ikifa, msamaha unakufa nayo.

"Gari ndilo duka, ndilo mashine, ndilo mguu wangu," anasema. "Likizuiwa pale darajani pa kuingilia mjini, mimi nimezuiwa."

Alikuwa na miaka 22 trela la viazisukari lilipompindukia shambani kwa kaka yake. Alipasuliwa mara tatu, na nyonga haikurudi kama zamani. Akatafuta kazi ya kufanya akiwa amekaa. Fundi mmoja mzee wa Winschoten alimfundisha kunoa, na leo ana miaka 31 katika kazi hiyo. Kisu kimoja ni yuro saba. Siku nzuri ya soko hunoa visu arobaini na tano, na mwezi ukiisha, baada ya kodi na mafuta, hubakiwa na kama yuro 1,900. Aliwahi kuulizia gari la umeme lenye breki ya mkono. Akaambiwa yuro 68,000.

"Nilicheka. Kijana wa dukani akadhani nimefurahi."

Jambo linalowashangaza wanaomjua ni kwamba hakuna mtu mtaani kwao anayezijua fomu za kadi hizo kumzidi Fenna. Kwa miaka minane sasa, kila Jumatano alasiri, huketi kwenye ukumbi wa mtaa na kuwajazia wazee. Wamefika zaidi ya mia mbili. Hatozi kitu. Anakunywa kahawa yao na kula soseji kavu yenye karafuu, basi.

Sharti kuu la kadi ni moja: mwombaji awe hawezi kutembea zaidi ya mita mia moja bila kusimama, hata akiwa na mkongojo. Daktari wa manispaa humwangalia na kumwuliza. Hapo ndipo watu wa huku wanapojiharibia. Wanavaa viatu vya kanisani, wanajikaza kisabuni, wanapita kwenye ukumbi wa daktari vifua mbele kama wanakwenda kupigwa picha. Wakirudi nyumbani wanalala siku mbili.

Fenna amewafokea kwa hilo tangu mwaka wa kwanza. Humwambia kila mmoja aandike siku yake mbaya kuliko zote. Siku nzuri akawahadithie wajukuu.

Mzee Reint Bolhuis, miaka 81, alifokewa kuliko wengi. Alikuwa nahodha wa majahazi ya mizigo kwenye mifereji, na sasa mapafu yake yamechoka. Penye swali la umbali anaoweza kutembea aliandika neno moja: "Inategemea." Fenna akalikata. Akamwuliza anafikaje kwenye sanduku la barua. Mzee akasema anafika vizuri tu, ila husimama mara mbili kushika uzio, na hata hivyo lazima mtu atazame vitunguu vya jirani vinaendeleaje. Fenna akaandika: husimama mara mbili katika mita arobaini. Mzee akapata kadi yake.

Mwezi Machi zamu ya Fenna ikafika. Kadi hudumu miaka mitano, na yeye alikuwa ameshaipata mara tano bila taabu, karatasi kwa karatasi. Safari hii akaitwa kwa daktari.

Asubuhi ile alimeza vidonge viwili vya maumivu, akavaa viatu vyake vizuri. Daktari, mwanamke mpole, akamwuliza kutembea kukoje siku hizi.

Fenna akajibu, "Si mbaya."

Akaambiwa atembee hadi mwisho wa ukumbi na kurudi. Akaenda, akarudi, na alipomaliza akatabasamu. Hadi leo hajui tabasamu lile lilitoka wapi. Ukumbi, alikuja kuambiwa baadaye, una urefu wa mita hamsini na mbili; kwenda na kurudi, mia na nne.

Barua ya kukataliwa ilifika mwishoni mwa Aprili. Alipewa wiki sita za kukata rufaa. Akaiweka chini ya kopo la chai. Kwa wiki nne hakumwambia mtu, na kila Jumatano aliendelea kuwajazia wengine fomu na kuwafokea. Aliona haya, anasema. Haya ya kweli, ya kumnyima mtu chakula.

"Daktari hakukosea. Aliandika alichokiona. Mimi ndiye niliyemwonyesha mtu mwingine."

Aliyemgundua ni Mzee Reint. Jumatano moja ya mwisho wa Mei alikuwa akimngoja nje ya ukumbi, ameegemea gari la Fenna ili avute pumzi, na macho yakaangukia kadi ya kwenye kioo. Nahodha ni mtu wa kusoma tarehe. Akaingia ndani, akavuta kiti, akamwuliza mpya iko wapi.

Fenna akasema iko njiani.

"Njia gani, mwanangu?" akauliza mzee. "Mimi yangu ilifika kwa siku kumi na moja."

Ndipo barua ikatolewa kwenye mkoba, kwa kuwa siku hizo alikuwa akitembea nayo. Mzee akaisoma mara mbili. Hakutoa pole. Alimnyang'anya kalamu, akageuza fomu tupu upande wake, akaanza kumwuliza maswali yaleyale ambayo Fenna amewauliza watu mia mbili.

Unatembea umbali gani? Si mbaya, akasema Fenna. Mzee hakuandika kitu. Alikaa tu na kalamu. Akauliza tena. Fenna akasema inategemea. Mzee bado hakuandika.

"Mimi ulinikatia hilo," akamwambia. "Haya. Ngazi ya nyumbani kwako unaipandaje?"

Fenna akasema jambo ambalo hata dada yake hakulijua.

"Siipandi, mzee. Tangu Novemba nalala kwenye kiti, sebuleni."

Mzee akaandika. Akaandika pia vidonge sita kwa siku, nguzo za vibanda, na mkono wa kushoto uliokufa ganzi kwa kuubebesha mwili. Kurasa nne zikajaa. Fenna anakiri alilia, na analisema hilo kwa sauti ileile anayotajia bei ya kisu. Rufaa ilipelekwa siku tatu kabla ya mwisho.

Manispaa imekubali aangaliwe upya, na daktari mwingine. Ni Jumanne ijayo, saa nne. Fenna ameshapanga: vidonge vitabaki nyumbani, viatu ni hivi vya kazi, na Mzee Reint atakuwa kwenye kiti cha pembeni. Kazi yake ni moja tu, kukohoa kila Fenna atakapoanza kusema si mbaya. Kwa mapafu yale, mzee anasema, hatahitaji hata kuigiza.

Akiipata kadi ana miaka mitano. Atakuwa na miaka 63. Anataka kuimaliza pale pale kwenye kona yake, kisha amwachie mtu jiwe. Akiikosa, tarehe mosi Julai gari linabaki nyumbani. Hilo halizungumzi sana.

Saa mbili sasa, soko limejaa. Mzee Reint ameshafika, ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya gari na kikombe cha kahawa. Aaltje anapita akitoka kununua mkate, anasimama dirishani na kuuliza tena, kwa mazoea tu, kama nyonga imepoa.

"Si m..." Fenna anaanza.

Mzee anakohoa.

Fenna anaweka kisu chini. Anafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Inauma, Aaltje," anasema. "Inauma kila siku. Hadi hapo mezani kwako ni mbali."

Aaltje anabaki amesimama na mkate wake kwapani. Miaka ishirini, hajawahi kusikia neno hilo likitoka kwenye gari hili. Anaangalia nguzo za vibanda, zile sita zilizo kati ya gari na meza yake, kama mtu anayezihesabu kwa mara ya kwanza.

"Basi kaa," anasema. "Visu nitavifuata mwenyewe."