Kupe wa Boma Lisilohama

Maziwa ya kifuani yalinikauka mwezi ule ule askari walipotuzungushia seng'enge, nje kidogo ya Garissa, wakakiita kile kifungo kijiji. Vita vya serikali na shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimepamba moto. Ngamia wetu walikuwa wamepigwa risasi malishoni. Aliyebaki wa kumpa maziwa mwanangu mchanga alikuwa ng'ombe mmoja mwekundu, na ng'ombe yule alijaa kupe.

Mama mkwe wangu aliwatoa kwa vidole kila asubuhi, kama alivyofanya maisha yake yote. Alianza na majike walioshiba, wanene mfano wa mbegu za mbarika. Wale wadogo, bapa, aliwaacha wavimbe kwanza ndipo washikike. Kisha aliwatupa pale pale chini. Porini hilo halikuwa na neno. Mayai yakianguliwa, vitoto vya kupe vinakuta boma tupu, sisi tumeshafuata mvua.

Nilimsihi tuwachome. Alikataa, akasema kuni tulizonazo ni za kupikia.

"Wakitupwa hawarudi," alisema. "Sisi tutakuwa tumehama."

"Tutahamia wapi, hooyo?" nilimwuliza, nikimwita mama kwa Kisomali chetu.

Akaendelea kutupa.

Mvua ilipopita, majani kando ya ua wa miiba yalijaa vidudu vidogo kuliko ufuta. Nilidhani ni wadudu wengine kabisa, mpaka nilipowaona wakikua juu ya ng'ombe wetu. Walikuwa wale wale, tofauti ni nani amekunywa na nani bado. Niliwachukia kwa roho yangu yote. Mashavu ya mwanangu yalikuwa yakibonyea, na wao wakinenepa kwa chakula chake.

Ng'ombe akashikwa na homa. Akazunguka mahali pamoja, akinyanyua miguu juu mno, kisha akaanguka. Nilikimbilia langoni kumwomba askari aniruhusu nikatafute dawa mjini. Alisema hatoki mtu. Niliporudi, ng'ombe amekwisha kufa.

Kupe walianza kumbanduka, wembamba wakitangulia. Tulikaa tukiwatazama wakipita chini ya seng'enge kwenda porini, na hakuna aliyewauliza kibali.

"Wao wanahama," mama mkwe alisema.

Aliingia ndani akarudi na kibuyu cha maziwa ya jana. Alikitikisa karibu na sikio, akanipa.

"Mpe kidogo kidogo, hooyo," aliniambia, akiniita mama kama mama zetu wanavyowaita watoto wao.