Hatua Nane Mbele ya Daktari

Kila Jumapili, katika kanisa moja dogo nje ya Makindu, mchungaji huwaomba waumini wasimame, kisha huongeza, "Isipokuwa ndugu yetu Kisilu, kwa sababu ya mguu." Na kila Jumapili Mulwa husimama. Husimama wimbo mzima na maombi yote, nyayo zikiwaka moto, macho yake yakiwa kwenye kisogo cha Kisilu aliyeketi.

Wawili hao walikuwa askari wa miguu katika kikosi kimoja kwa miaka ishirini na mmoja. Mulwa alistaafu akiwa sajenti, Kisilu akiwa koplo. Lakini koplo analipwa pensheni ya ulemavu, asilimia thelathini, kwa sababu ya kifundo cha mguu. Sajenti halipwi kitu kwa miguu yake. Hilo Mulwa hulala nalo na kuamka nalo.

Asubuhi mkewe, Nduku, humsikia akishika ukuta kutoka kitandani hadi mlangoni. Nyayo zake zimelala bapa kama ubao. Kisigino cha kushoto kimeota mfupa kama mwiba, na vidole viwili vimepandana. Akifika uani hunyooka, hukaza taya, huenda kufungulia mbuzi kama mtu mwenye afya.

Ameishi hivyo tangu ujana. Kambini, wagonjwa walipanga foleni yao kando kila asubuhi, mbele ya wenzao, na wenzao waliwacheka. Aliyecheka zaidi ya wote ni Mulwa. Kisilu, ambaye hakuacha hata lengelenge lipite bila kuripoti, Mulwa alimpa jina la Bwana Plasta. Yeye mwenyewe alijitibu kwa maji ya chumvi na mafuta ya mbuzi ambayo mamake alimtumia kutoka Tseikuru. Walipovuka mpaka kuingia Somalia, mvua iliwakuta, wakakaa kwenye matope wiki tatu bila kuvua buti. Siku aliyozivua, ngozi ilitoka pamoja na soksi. Hakuripoti. Alifunga vitambaa, akaenda zamu.

Ndiyo maana faili lake la matibabu lina kurasa nne tu, na la Kisilu ni nene kama Biblia. Nchi inamtembeza mtu miaka ishirini na mmoja, halafu inamdai karatasi ya kuonyesha kwamba alitembea! Anayelia anaandikwa. Anayenyamaza, ambaye ndivyo walivyomtaka awe, anaambiwa hana ushahidi.

Mwaka jana Mulwa aliitwa mbele ya bodi ya madaktari. Alipiga viatu rangi siku mbili, akanyoa ndevu, akapiga suti pasi. Jina lake lilipoitwa, aliona kutoka mlangoni hadi mezani ni hatua nane. Alizipiga zote kwa mwendo wa paredi. Mezani akagonga kisigino sakafuni, kilekile chenye mwiba, akapiga saluti. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Hakupepesa jicho.

Barua ilisema: anatembea vizuri, hana ulemavu.

"Baba Kavata," Nduku alimwambia, "ulienda kuomba pensheni ama ulienda kuandikwa kazi tena?"

Angeweza kukata rufaa, lakini alihitaji kiapo cha mtu aliyetumika naye na kuiona miguu yake wakati huo. Wengine walikuwa wamekufa au wamehamia mbali. Alibaki Kisilu. Mulwa aliificha fomu ya rufaa chini ya godoro wiki tano. Zilipobaki siku tisa muda wa rufaa uishe, Nduku aliitoa, akamwekea juu ya sahani ya isyo, mahindi na maharagwe, badala ya kijiko. Mulwa akaenda.

Kisilu alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda, akinywa chai.

"Sajenti! Leteni kiti, huyu ni mkubwa wangu."

"Sitaketi."

"Miguu yako inasema uketi."

"Usiizungumzie miguu yangu. Wewe uliumia kwa voliboli, Kisilu. Voliboli! Na kanisa zima linakuombea kama umetoka vitani."

Kisilu aliweka kikombe chini. "Kweli, voliboli. Jioni, ndani ya kambi. Asubuhi nikaripoti. Wewe uliniita nani?"

Mulwa alitazama kuku uani.

"Sema, afande."

"Bwana Plasta."

"Kikosi kizima kikacheka. Kesho yake nikapanga foleni tena, bado mnacheka. Ulidhani ni rahisi? Wewe na bunduki zako hungeweza foleni ile hata siku moja. Lete hiyo fomu."

Aliandika polepole, akisoma kwa sauti: "Niliona ngozi ya nyayo zake ikitoka na soksi. Nilimwambia aripoti. Akanitukana, akaenda zamu."

"Futa hapo pa matusi."

"Nitaapa mbele ya wakili. Na hapo ndipo penye ushahidi, mjinga wewe. Watajuaje kwa nini faili ni tupu?" Alikunja karatasi. "Sasa tembea, kutoka hapa hadi kwa tangi la maji."

Mulwa akatembea.

"Hiyo ni paredi. Rudia."

Akatembea tena.

"Bado. Hakuna mkuu wa kikosi hapa, kuna kuku. Tembea vile unaenda chooni asubuhi."

Mulwa akanyoosha mkono, akaushika ukuta wa mwenzake, akatembea. Kisilu alikuwa amefungua kinywa acheke. Alikifunga.

Mara ya pili mezani alikuwapo daktari mwingine, mwanamke mwenye cheo cha meja. Mlangoni jina liliitwa kwa sauti ileile ya kambini, na mgongo wa Mulwa ukataka kunyooka wenyewe. Aliuzuia. Hatua ya kwanza alichechemea. Ya tatu alishika kiti. Kufikia ya nane jasho lilikuwa likimtoka, si kwa maumivu tu. Meja aliinuka, akapiga goti, akamvua kiatu, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba.

"Pole sana, mzee," alisema. "Umevumilia hii kwa muda gani?"

Mulwa alikivaa kiatu chake upya, akaikaza kamba.

Barua ya kukubaliwa ingefika miezi mitatu baadaye, asilimia ishirini, na Nduku angepiga vigelegele hadi majirani waje. Lakini mchana huo hakuna aliyejua hayo. Kisilu, aliyemsindikiza, alikuwa akingoja nje ya lango.

"Amesemaje?"

"Amesema pole."

"Aa, hiyo humwambia kila mtu."

"Mimi sijawahi kuambiwa." Mulwa aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. "Wewe wamekuambia tangu lini?"

"Pole? Tangu ile voliboli. Kila Jumatatu, kila daktari. Hata yule nesi mkali. Kwani nani anahesabu?"

Walishika njia ya stendi, wote wawili wakichechemea, na hadi walipofika Mulwa alikuwa akimwonea Kisilu wivu mkali kuliko wote aliowahi kumwonea kwa ajili ya pensheni.