Sentimita Ishirini

Simpendi anko wangu, na siku ya kupima ile darubini ya bunduki ndiyo siku niliyoacha kujisingizia kwamba nampenda.

Ni kaka ya mama. Analima mahindi upande wa Soy, ana bunduki yenye leseni, na kwenye klabu yao ya kulenga shabaha neno lake halipingwi. Jirani yake, mzee mmoja mpole, alikuwa ameletewa darubini ya bei kali kutoka ng'ambo. Kabla wanachama wengine hawajaagiza za kwao, anko aliombwa aijaribu na aandike ripoti. Mimi nilikuwa likizo, Form Three, nikachukuliwa kutoka kwetu Munyaka nikapime matundu kwenye karatasi. Hakuniuliza. Alimwambia mama tu, "Nipe huyo msichana wako bubu, angalau macho anayo."

Kioo chenyewe kilikuwa safi, siwezi kudanganya. Mzee aliniruhusu nichungulie, bunduki ikiwa tupu, nikaona nzi akitembea juu ya karatasi mita mia moja mbele.

Anko alipiga risasi tatu katikati. Kisha akazungusha kifundo kilicho juu ya darubini. Kinalia ka, ka, ka, na kila mlio unapandisha risasi kidogo. Alihesabu milio ishirini, akapiga tatu tena. Bunduki ikaachwa wazi mezani, bendera nyekundu ikashushwa, nikaenda na daftari na rula yangu ya shule.

"Ngapi?" aliuliza niliporudi.

"Ishirini."

"Ishirini nini? Mayai?"

"Sentimita."

Alicheka akimtazama mzee. "Umeona watoto wa siku hizi? Milio minne ni inchi moja. Ishirini ni inchi tano. Hiyo ni sentimita ngapi, Form Three?"

"Kama kumi na tatu."

"Na wewe unaniletea ishirini. Rudi upime kama mtu."

Nilirudi. Nilipima kutoka juu kwenda chini, nikapima kutoka chini kwenda juu. Ishirini. Nikiwa huko peke yangu nilimtukana kwa sauti. Akabandikiwa karatasi mpya, akapiga upya, nikapima. Ishirini.

"Basi ama hii darubini ni takataka, ama huyu ni mwongo," alimwambia mzee. "Na darubini ya bei hii haiwezi kuwa takataka. Nitaandika kwa ripoti kwamba aliyepima alikuwa anabahatisha. Na mamako nitamwambia."

Hapo ndipo aliponichoma. Mimi siongei. Darasani naweza kumaliza wiki nzima bila kuinua mkono. Lakini nikisema kitu, mama hukiamini bila kuuliza mara ya pili, na ndugu zangu hawana hiyo bahati. Anko alitaka kuninyang'anya hicho kimoja.

Wakaenda kunywa chai kwa gari. Sikuitwa. Nilibaki karibu na meza, nikainama bila kugusa kitu, nikakitazama kile kifundo. Chini ya namba kulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi: mlio mmoja, sentimita moja, mita mia. Anko alikuwa anahesabu inchi za darubini yake ya zamani.

Nilifikiria kunyamaza. Kweli. Aandike upuzi wake, klabu nzima imcheke. Lakini humo humo ningekuwa nimeandikwa mwongo. Nikaenda hadi kwa gari.

"Mzee," nikasema, "tafadhali kuja usome hapa."

"Ongea na mimi!" anko akaruka.

"Wacha mtoto aseme," mzee akajibu, akitafuta miwani yake mfukoni. Alisoma mara mbili. "Bwana, hii kitu ni ya sentimita. Msichana amekuwa akikwambia tangu asubuhi."

Anko hakunitazama. "Si angesema mapema, badala ya kusimama hapo kama mlingoti?"

"Nilisema mara tatu," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Toa huo ukurasa uandike mwingine safi. Ishirini moja inatosha. Hayo ya kurudiarudia futa."

Alitaka ionekane alijua tangu mwanzo. Nilimpa mzee daftari. Mimi huandika kila kitu. Ishirini zilikuwa tatu, na mbele ya kila moja nilikuwa nimeandika nilichoambiwa: mayai, pima kama mtu, mwongo. Mzee alipofika kwa mayai alicheka mpaka akakohoa. Akachana ukurasa, akaukunja, akauweka kwa koti.

"Ripoti ndiyo hii," akasema.

Njia yote anko alifungulia redio. Alinishusha Pioneer, kabla ya kufika kwetu. "Miguu unayo," akasema, akaondoa gari kabla sijafunga mlango vizuri. Nilitembea mpaka Munyaka na hasira zangu. Nilimkuta mama amesimama jikoni na simu sikioni, anko akifoka upande wa pili, mama akisema tu "eh", "eh". Alipomaliza akazima jiko.

"Kwani ilikuwaje huko?"

Nikaketi, nikamwambia yote, hata yale matusi niliyomtukana anko nikiwa peke yangu.