Baridi ya Mwezi wa Kumi

Miaka ya vita, nikiwa na miaka minane pale Kamina, niliamini kwamba mama yangu amekwisha kufa na mtu mwingine ameuvaa mwili wake.

Mama aliitwa Ngoie, jina la nyanya yake. Kwetu Waluba, anayebeba jina la marehemu hubeba na heshima yake, ndiyo maana nkambo, bibi yangu, alimwita binti yake mwenyewe "mama". Wageni walicheka, sisi tulizoea. Ila nkambo alituonya pia: marehemu akisahauliwa, siku moja huja kuchukua jina lake.

Kabla sijazaliwa, mama alipasuliwa shingo akatolewa rovu. Likabaki kovu jembamba kama uzi, na kidonge kidogo cheupe cha kila asubuhi. Vita ilipofika, treni ikaacha kuleta dawa. Siku moja, tukimenya karanga, nkambo alimtazama shingoni.

"Mama, shingo yako ilishaka kupona. Ile dawa unakunywa ya nini tena?"

"Banganga ba hospitali balisema mpaka kufa."

"Balisema vile juu bantu barudie kwabo kila mwezi! Angalia, iko laini kama ya mutoto. Weka yenye inabakia. Siku itavimba, utakunywa."

Maneno yalikuwa na akili. Mama akaweka kopo la vidonge juu ya kabati, akawa anajipapasa shingo kila asubuhi. Wiki zikapita. Alitwanga, alicheka, hata akasema amemeza vidonge miaka yote bure.

Kisha baridi ikaanza. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la Kamina likichoma, na mama ameketi karibu na mbabula, jiko letu la makaa, amevaa sweta ya baba. Uso wake ukajaa, nyusi zikapungua. Akiniita, jina langu lilitoka polepole, kama mtu anayelitafuta chini ya kisima. Shingo haikuvimba, kwa hiyo kopo halikuguswa.

Mchana mmoja aliomba maji kwa sauti nzito isiyokuwa yake. Nkambo alikuwa anapepeta unga. Ungo ukamponyoka.

"Hii njo sauti ya mama yangu," alisema. "Na uso, vile vile. Alikufaka na baridi hii hii."

Tangu siku ile neno "mama" alilitamka kwa kunong'ona, macho chini. Alipaka pemba, udongo mweupe wa wafu, kwenye kizingiti. Kila mlo alitenga sahani ya pili ya bukari, ugali wetu, kando ya mama na kumbembeleza huyo aliyekuja: "Mama, utuachie huyu. Iko na batoto." Mama alizitazama sahani zote mbili bila kuuliza lolote. Hilo lilinitisha kuliko pemba.

Siku moja mama alinyoosha mkono anishike. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilikimbia. Hadi leo nauona ule mkono umebaki hewani.

Nilikimbilia kwa jirani, Mama Bolumbu, mke wa askari kutoka jimbo la Equateur, aliyefua mashuka kwenye hospitali ya kambi ya jeshi. Watu walimwogopa kwa sababu ya bunduki ya bwana wake. Sisi watoto alitugawia mikate ingali ya moto. Nikamwambia mama amekufa. Alifuta mikono, akaja, akaivuka pemba bila kuikanyaga, akavua kitenge chake akamfunika mama.

"Kidonge yako ya asubuhi iko wapi?"

"Nangojea shingo ivimbe," mama alijibu polepole.

"Itavimba na nini, mama, na kitu balishaka kutoa? Weye mutoto, panda kiti! Leta kopo."

Siku ileile alimpeleka kwa muuguzi wa kambi, kopo mkononi. Muuguzi alimwongezea vidonge, akaeleza kwamba kile kilichotolewa shingoni ndicho kilichokuwa moto wa mwili, na kidonge kinawasha moto mahali pake. Moto haukuzimika siku moja, basi haukuwaka siku moja. Ilipita miezi hadi sauti ya mama irudi. Nkambo alifuta pemba kwa mkono wake mwenyewe.

"Tumushukuru," alisema. "Amekubali kurudia kwake."

Sikumcheka, wala leo simcheki. Baadaye alinisimulia kwamba shingo ya mama yake ilikuwa nene kama kibuyu. Alichokiona usoni kwa binti yake alikiona kweli: ugonjwa ulikuwa uleule.

Sasa kidonge ni changu, tangu moto wangu nao ulipozimika baada ya kuzaa mtoto wa pili. Nilijua yote haya, na bado mwaka jana, nikijisikia mzima kabisa, niliuliza swali la nkambo: ya nini tena? Nikaacha kwa siri. Wiki zikapita vizuri. Asubuhi moja ya jua kali nilimshika binti yangu mkubwa nimvushe barabara. Anaitwa Ngoie, kama mama yangu.

"Mama, mikono yako iko baridi," alisema.

Nilisubiri akimbie. Hakukimbia. Aliishika yote miwili, akaileta mdomoni, akaipulizia pumzi yake ya moto. Nikageuka naye nyumbani kufuata kopo, kisha tukaenda wote wawili kwa muuguzi.