Majina Kutoka Juu

Siku Burundi ilipopata uhuru, ngoma zililia Rumonge tangu asubuhi, watu wakamiminika barabarani kwa nguo zao nzuri. Zuwena binti Swedi hakwenda. Alibaki uani akichemsha chikichi za kukamua mawese, uso ameukunja. Doti ya kanga za harusi yake ilikuwa sandukuni tangu mvua za kwanza, na harusi yenyewe haijulikani lini.

Mchumba wake alikuwa Asmani, fundi cherehani wa sokoni, kijana mpole mwenye kucheka kwa macho. Hakuna aliyemkataa. Ila wazee wa Asmani, ingawa walikuwa Waislamu wa mjini, katika mambo ya ndoa walishika desturi ya Ubwari, ng'ambo ya ziwa, walikotoka babu zao: mtu haoi ndani ya damu yake, hata ikiwa damu ya mbali. Basi lazima ijulikane kwanza Zuwena ni wa nani.

"Niko wa Amissi," alisema Swedi, baba yake. "Huko juu zaidi sijui. Muulizeni dada yangu aliye Kigwena."

Mjumbe wa wazee akaenda Kigwena. Yule dada akasema Amissi alikuwa wa Mwavita, lakini Mwavita alizaliwa na nani, akaulizwe Shangazi Esha, mzee wa ukoo wao, huko Nyanza-Lac. Mjumbe akangoja lori la kumpeleka Nyanza-Lac, akamkuta Shangazi Esha amesafiri. Na upande wa Asmani ilikuwa vilevile. Kila mtu alijua hatua moja tu iliyo juu yake, na kwa kila hatua ilibidi mlango mwingine ubishwe.

Jibu lilipopatikana lilikuwa fupi: Mwavita alikuwa binti wa Bilombele, na Bilombele hakuwa na damu yoyote na wazee wa Asmani. Wakaoana kiangazi kikiisha. Lakini Zuwena hakuusahau muda ule.

"Jambo la neno moja," alimwambia mumewe. "Wametuweka miezi yote ile."

"Si tumeoana, mke wangu?"

"Tumeoana. Na watoto wetu je? Na watoto wa dada zangu?"

Binti yao Riziki alipoanza kusema, Zuwena akamfundisha majina kama wengine wanavyofundisha watoto kuhesabu vidole. Hakuanza na mama akapanda. Alianza na mzee wa juu kabisa akashuka: Bilombele, Mwavita, Amissi, Swedi, Zuwena, Riziki.

"Mbona unaanza mbali hivyo?" aliuliza Asmani akiwa kwenye cherehani.

"Sikiliza. Riziki akikutana na mtoto mwingine, kila mmoja ataje yake kutoka juu. Majina yakienda pamoja, hao ni ndugu. Pale yanapoachana, ndipo nyumba zao zilipogawanyika. Hakuna haja ya kumwendea mtu Nyanza-Lac."

Wanawake waliofua naye ziwani walicheka kwanza, kisha wakawafundisha watoto wao. Ikawa posa ikija, swali la damu linamalizwa hata chai haijapoa. Na Shangazi Esha alipougua, akataka kuwaona wote wa Mwavita, hawakutumwa watu wa kwenda tawi kwa tawi. Ilitangazwa tu sokoni kwamba kila ambaye majina yake yanaanza na Bilombele, Mwavita, aje. Wakaja hata wale ambao yeye mwenyewe hakujua kwamba wamezaliwa.

Kumbe ugonjwa ule ulikuja na neno lake. Shangazi Esha, kichwa juu ya paja la Zuwena, aliwasikiliza watoto wakitaja majina, akatikisa kichwa.

"Mumemuruka Sharifa," alisema. "Amissi hakuzaliwa na Mwavita. Alizaliwa na Sharifa, mutoto wa Mwavita. Sharifa alikufa angali kijana, watu wakaacha kumusema."

Jina moja tu, lakini wote waliokuwa chini yake walipaswa kujifunza upya, na walikuwa wengi. Zuwena angeweza kuliacha lipite. Akamtazama yule mzee, akaona machozi yanamtoka kwa ajili ya msichana aliyesahauliwa. Kesho yake akaanza kupita ua kwa ua. Watoto walikosea, wakubwa walinung'unika, naye akawaambia habari kama ile huja mara moja katika maisha, lakini kuulizana huwa kila siku. Nyumbani alimkaririsha Riziki majina mpaka Asmani akayashika bila kutaka, akawa anayanong'ona huku anakanyaga cherehani.

Kisha ukaja mwaka wa 1972. Mwishoni mwa Aprili Asmani alikuwa ameenda Nyanza-Lac kupeleka nguo za wateja, risasi zikaanza kusikika pwani yote. Ilikuwa miezi ya watu kufa na watu kutoweka, na walioishi hawapendi kuisimulia. Zuwena alimshika Riziki mkono, wakaingia katika boti ya jirani iliyokuwa ikielekea Ubwari. Wengine walitazama nyuma, yeye alitazama kusini, upande wa Nyanza-Lac.

Ng'ambo walipokewa na Mama Mwamini, mwanamke mnene wa makamo, mwenye nyumba kubwa karibu na maji.

"Muko wa nani?" aliuliza.

Riziki akajibu kabla ya mama yake: "Bilombele, Mwavita, Sharifa, Amissi, Swedi, Zuwena, Riziki."

Mama Mwamini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga magoti mchangani na kumkumbatia. Yeye pia alikuwa wa Bilombele, kwa mtoto mwingine. Siku ileile akatuma neno katika vijiji vyote vya ufuko: anayeshuka botini akianza na Bilombele, aletwe kwake. Watu wakaletwa, leo mmoja, kesho jamaa nzima. Lakini wote walikuwa damu yake. Asmani hakuwa wa Bilombele, na Zuwena alijua vizuri kwamba neno lile halikumhusu.

Asubuhi moja wavuvi wawili walikuja wakimtegemeza mwanamume mwenye mguu uliovimba, umefungwa kitambaa cha suruali isiyomalizika kushonwa.

"Mama Mwamini, huyu anasema ni wenu," alisema mmoja, akijizuia asicheke. "Tumemuuliza ni wa nani, ametaja vizuri sana kutoka juu. Lakini anasema yeye ni mutoto wa Zuwena, na nywele zake ziko na mvi!"

Zuwena alikuwa akichambua dagaa. Aliinuka, ungo ukamwanguka.

"Ya kwetu siyajui kutoka juu," alisema Asmani. "Hakuna aliyenifundisha. Nikasema haya ya kwako, nikajiweka chini yako."

Zuwena alimshika uso kwa mikono yenye magamba ya dagaa, akalia kimya mbele ya watu wote, na Mama Mwamini akawafukuza waliokuwa wakitazama.

Mguu ulipona, ingawa haukunyooka tena. Walikaa Ubwari, Asmani akapata cherehani ya kuazima, Zuwena akarudia mawese. Jioni Riziki humwongoza baba yake mpaka majini, anyooshe mguu, naye huenda polepole akilalamika kwamba dagaa wa huku wana chumvi nyingi.