Magugu kwa Mistari

Mjukuu wangu wa kike alipokwenda Uholanzi kufanya fildi ya bustani, nusura nimharibie kila kitu, na nilifanya hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti changu hapa Butimba, simu mkononi.

Alikuwa anasoma kilimo cha bustani chuoni. Mwaka wa mwisho chuo chao kilipata nafasi ya kupeleka wanafunzi wachache nje, wakafanye kazi kwenye bustani za wenyewe na kurudi na cheti kilichosainiwa. Bila saini hiyo, hakuna kuhitimu. Bibi yake alimtafutia masweta ya mtumba. Mimi nilimpa ushauri, kitu ambacho sijawahi kuishiwa.

Lazima niseme habari ya uwanja wangu, la sivyo mengine hayataeleweka. Mimi nilifundishwa na mama kwamba uwanja hufagiliwa kila asubuhi kabla ya uji, mpaka udongo ubaki na michirizi ya fagio. Jani likichomoza linang'olewa. Nyasi ni nyoka, nyasi ni mbu, nyasi ni nyumba isiyo na mtu. Mgeni akikuta nyasi mlangoni kwako, huuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa ndani. Mimi nililishika jambo hili kuliko hata mama. Jirani yangu, mama anayeuza dagaa, ana nyumba iliyojibana kati ya mawe makubwa, na nyuma ya mawe hayo majani yanajiotea. Nilikwisha kumshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa, tena si mara moja. Yeye akanipa jina la Bwana Afya, na watoto wa mtaa mzima wakalipokea.

Kila Jumapili mjukuu wangu alitupigia simu ya video. Tuliona maua yaliyopangwa kama askari wa gwaride, tukaona nyumba za vioo zenye nyanya ndani. Nilifurahi. Jumapili moja akageuza simu, nikaona mbele ya jumba kubwa kabisa, pale ambapo mtu mwenye akili angeweka uwanja, kichaka. Nyasi za kufika kiunoni, na humo ndani viua vyekundu na vya bluu vimejichomeka ovyo.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Ndiyo sehemu yao maalumu, babu. Mkuu wa bustani amesema tusiiguse."

"Anakupima."

"Hapana, babu. Yule mama hatanii. Kasema tusiguse."

"Anataka aone nani atajituma bila kuambiwa. Wewe umelelewa wapi? Unataka waseme huko kwenu Butimba watu hawafagii?"

Mke wangu, aliyeshika simu, alisema, "Mzee, mwache mtoto afanye alichotumwa." Sikumwacha. Nilieleza nyoka, nikaeleza mbu, nikaeleza na heshima ya ukoo. Mwishowe mjukuu wangu akasema, "Sawa, babu."

Ile "sawa" niliifahamu. Mama yake, binti yangu, alikuwa nayo hiyo hiyo. Zamani alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini, nami sikupenda zamu zake za usiku. Nikaenda kuongea na bosi wake bila kumwambia. Kuanzia kesho yake hakuwa na zamu yoyote. Tangu hapo mimi na binti yangu tunasalimiana vizuri sana, na hatuongei.

Simu iliyofuata haikungoja Jumapili. Mjukuu wangu alikuwa analia. Alikuwa ameamka kabla ya wenzake, akachukua jembe, akang'oa sehemu ya kile kichaka ya ukubwa wa uwanja wetu. Kisha akaifagia. Alitafuta fagio kwenye banda la farasi, akafagia udongo wa Uholanzi mpaka ukatoa michirizi. Mkuu wa bustani alipofika alisimama hapo kwa muda mrefu na kikombe chake cha kahawa. Kumbe mbegu zile zilikusanywa kwa miaka, kwa ajili ya nyuki, na watu walikuwa wanatoka mbali kuja kuviona vile viua.

"Akaniuliza nani amenituma," alisema. "Nikamwambia babu."

"Umefanya vizuri kusema kweli."

"Yuko hapa. Anataka kuongea na wewe."

Kwenye kioo ikaja sura ya mama mrefu, mwenye nywele za mvi zilizofungwa kwa kitambaa. Nilivaa koti. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba mimi ndiye babu. Akasema ameona. Kiingereza changu kikaishia hapo, ikabidi mjukuu wangu atutafsirie, huku akifuta pua kwa mkono wa sweta.

Nilifanya anachofanya mtu wa kwetu akikosa. Nilitaja faini.

"Mwambie nitatoa mbuzi."

"Babu, siwezi kumwambia hivyo."

"Mwambie. Ni beberu mzuri."

Akamwambia. Yule mama aliuliza mbuzi mwenyewe yuko wapi. Mke wangu akageuza simu kwa beberu aliyefungwa pembeni, na wakatazamana, beberu na Mholanzi, kwa utulivu. Halafu yule mama akasogeza uso karibu na kioo.

"Anauliza kama huko kuna ukame," akasema mjukuu wangu.

"Ukame wa nini?"

"Anaona hakuna hata jani."

"Mwambie nimefagia!"

Alipoambiwa, yule mama aliutazama tena uwanja. Kisha akatoa hukumu yake. Mbuzi hataki. Anataka nichague sehemu ya uwanja wangu, mbele ya nyumba na si nyuma, na nisiiguse mpaka fildi iishe. Kila Jumapili nimwonyeshe. Nikiweza kuzuia mikono yangu, ataamini kwamba mtoto niliyemlea naye anaweza, na cheti atasaini. Nikishindwa, binti atarudi bila saini.

Nikauliza kama ni utani. "Babu," akasema mjukuu wangu, "nilikwambia hatanii."

Nikachora mstari kwa fimbo, kuanzia getini mpaka karibu na dirisha la sebule. Mvua za vuli zikaanza siku chache baadaye, kana kwamba zilikuwa zinasubiri kualikwa. Nyasi ziliota, ikafuata kishonanguo, ikafuata mbigili, halafu mchicha pori ukayapita yote kwa urefu. Mikono iliniwasha. Nilikuwa naamka asubuhi nafagia mpaka kwenye mstari, nasimama hapo na fagio, narudi ndani. Jumapili nilionyesha simu magugu yangu kama mtu anayeonyesha ng'ombe mnadani, na yule mama alitingisha kichwa taratibu kukubali. Mjukuu wangu alianza kucheka tena. Alipewa kazi ya kupanda upya alipong'oa.

Shida ilikuwa watu wa hapa. Wapita njia walipunguza mwendo getini. Fundi wa baiskeli aliniuliza kama nimehama. Mzee mwenzangu alimpigia mke wangu simu kutupa pole, akauliza mazishi ni lini. Na wanajumuiya wetu, wale tunaosali nao nyumba kwa nyumba, walikaa kikao bila mimi.

Walikuja Jumamosi. Ilikuwa imebaki Jumapili moja, ile ya mwisho, ambayo yule mama angetazama na kutia saini. Mimi nilikuwa nimekwenda stendi ya Nyegezi kupokea gunia la viazi kutoka kwa shemeji. Walikuja na mafyekeo, majembe na nyimbo, kama inavyofanyika mzee akizidiwa. Mke wangu alijitupa mbele yao. Aliwaeleza kwamba kuna mama Mholanzi ameagiza majani yasikatwe, na mzee huwa anamwonyesha kwa simu kila Jumapili. Wakamtazama kwa huruma, wakaona ugonjwa wangu umefika kichwani, wakaongeza na sala. Niliporudi, uwanja ulikuwa mweupe kama sahani. Walikuwa wameng'oa na mizizi, wakachoma kila kitu, na wakaniachia chupa ya maziwa mlangoni.

Nilikaa juu ya gunia la viazi. Nilimwona mjukuu wangu akishuka kwenye ndege bila cheti, akisema "sawa, babu", na baada ya hapo miaka ya kusalimiana vizuri.

Kisha nikainuka nikaenda kwa mama wa dagaa. Alikuwa anageuza dagaa wake juu ya jiwe.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Nina shida."

"Kama umekuja kunishtaki, mwenyekiti kaenda msibani. Rudi Jumatatu."

"Nimekuja kuomba magugu."

Aliacha kugeuza. "Sijasikia."

"Magugu. Yale ya nyuma ya mawe."

"Sema kwa sauti. Mume wangu yuko ndani, na yeye afaidi."

Nikasema kwa sauti. Ndani mtu alikohoa, kisha akacheka mpaka akakohoa kweli.

"Unataka ya aina gani?" akauliza. "Kishonanguo ninacho, mbigili ninayo. Yamestawi, maana kuna mzee mmoja amenitangazia mpaka ofisini."

Nikamweleza yote, kichaka, fagio la farasi, saini. Alisikiliza huku kaninyooshea kidole chenye magamba ya dagaa. Halafu akaenda kuchukua jembe. Alichimba yeye mwenyewe, akiyatoa na udongo wake ili yasife, akanijazia beseni, akarudia tena. "Ya mbigili shika huku chini," akanifundisha. "Hujawahi kuyashika kwa upendo."

Nikapanda mpaka giza lilipokaribia. Mke wangu alitoka na maji ya kumwagilia, akasimama ghafla.

"Mzee. Unapanda magugu kwa mistari?"

Nikatazama. Nilikuwa nimevuta kamba kutoka getini mpaka dirishani. Shuleni tulilima kwa kamba na mashimo ya nafasi sawa, na mwalimu wa kilimo alikuwa akipita na fimbo. Mikono yangu ilifanya yenyewe. Hakukuwa na muda wa kung'oa tena.

Jumapili simu ikalia. Magugu yalikuwa yamesimama kwenye foleni, yamelegea kidogo kwa jua, kila moja na kisahani chake cha maji. Yule mama alitazama. Akaomba simu isogezwe. Akaona kamba, maana niliisahau pale pale. Akasema neno moja refu, na mjukuu wangu hakulitafsiri.

Nilikuwa na maelezo tayari. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga, na Kiingereza nilikuwa nimekichokonoa kwenye kamusi. Nikafungua mdomo. Nikamwona mjukuu wangu kwenye kile kioo kidogo, amenyoosha mabega, anamgeukia bosi wake. Nikaufunga. Sikumbuki kama niliwahi kuufunga kabla ya siku hiyo.

Bibi yake alikwisha kumpigia alfajiri akamweleza yote, naye sasa akaongea muda mrefu, kwa sauti isiyotetemeka. Nilishika neno "babu" na neno "jirani". Alionyesha kwa mikono jinsi ya kufyeka, kisha jinsi ya kupanda. Yule mama, ambaye hatanii, alitazama kando. Mabega yake yakaanza kuruka. Alicheka mpaka akafungua kile kitambaa cha nywele akajifutia macho.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza mjukuu wangu, yule mama alipokwisha kuondoka.

"Kweli tupu. Kwamba ulishindwa si kwa mikono yako, na kwamba umekwenda kuomba magugu kwa mtu uliyemshtaki kwa ajili ya magugu."

"Na saini?"

"Kasema sehemu niliyopanda imeota vizuri. Angesaini hata kama uwanja wako ungekuwa mtupu, babu. Cheti ni cha kazi yangu."

Aliporudi nyumbani nilimpa panga, nikamwambia aamue yeye. Alipita kwenye ile mistari, akapunguza hapa, akang'oa pale, akaacha kifungu kimoja karibu na geti, chenye viua vya njano ambavyo sikuwahi kuviona ingawa nilivipanda mwenyewe.

"Hapa usifagie," akasema.

Sasa nikifagia asubuhi napazunguka. Mama wa dagaa hupita na beseni lake kichwani kwenda sokoni, anasimama getini.

"Shikamoo, mwenye msitu."

"Marahaba," namjibu, na fagio linapita pembeni.